Majani ya Chai Niliyomwahidi Halimo

Kitengela,
9 Februari 2025.

Mpendwa ndugu yangu Kaloki,

Habari ya Doha? Joto linakutendaje, na mgongo umepoa? Mama ni mzima, anakusalimu sana. Mimi usingizi umenikimbia. Simu zangu huzipokei, kwa hivyo binamu yetu Makau akirudi huko nitampa barua hii akupe mkononi.

Najua mkeo Keziah amekuambia nimemnyima majani ya chai. Ni kweli. Nisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia zaidi.

Nilipoanza kuuza chai hii kwa jumla, Kajiado mjini hakuna duka lililoitaka isipokuwa la Halimo. Siku za soko aliichemsha kwa maziwa pale mlangoni pake, akawaonjesha kina mama wa Kimaasai bure, mpaka wakakataa chai nyingine. Nikamwahidi kwamba mjini pale nitamuuzia yeye peke yake. Hatukuandikiana. Aliinua mikono akaomba dua, na mimi Mkristo wako nikaitikia amina.

Ndipo wewe ukamfungulia Keziah duka, mkabala na Halimo! Mji wote huo hukuona pengine? Mteja akikosa chai hiyo kwa Keziah anavuka barabara, na sukari na unga ananunua huko huko. Wifi yangu anashinda akipanguza rafu. Ananililia kwenye simu, Kaloki, nami ninalia naye.

Jana nilijikaza nikaenda kwa Halimo, nikamsihi anikubalie nimuuzie na Keziah, kwa kuwa ni mtu wetu. Hakukasirika. Alinimiminia kikombe, akasema, "Nikikuachilia leo, kesho utaniambia nini nikuamini?"

Nilikunywa, nikaaga. Wateja wangu wote, hadi Kimana, wananunua kwangu kwa neno la mdomo tu. Nikilivunja moja, nani atanisikiza tena? Na nikilishika, ninamfukarisha mke wa ndugu yangu. Nimeomba, nimefunga, sioni njia.

Keziah anafunga duka Jumamosi. Ameniomba pikapu ya kuhamisha vitu, na dereva ni mimi.

Wasalimie wote unaoishi nao. Mungu akulinde kazini, akurudishe nyumbani salama, na akulainishe moyo.

Dada yako akupendaye, kama bado unanitaka,
Nzilani.