Kiingilio cha Kumwona Mustafa

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Duka la baba la vyombo liliungua Jumapili iliyopita, tarehe mbili, mchana kweupe. Cheche za welding uwanja wa nyuma, upepo, nguzo kavu za mutarakwa, mwerezi wa huku kwetu, za miaka sitini na tatu — basi. Zimebaki kuta mbili za mawe, sakafu, na sufuria nene za rafu ya chini. Nimezisugua. Nauzia kwenye veranda ya jirani yangu Mwihaki, muuza yunifomu, ambaye anasema nikikaa hapa hadi Januari atanipima sketi nirudi darasa la kwanza.

Nataka kujenga. Johnstone anataka kununua plot abomoe kilichobaki, aweke ghorofa. Anataka jibu Ijumaa saa nane. Fundi Simeon naye anataka jibu, kuna kazi inamwita mtaa wa Kapsoya. Na mimi siwezi kumjibu hata mmoja! Plot iko kwa jina langu na la ndugu yangu Mustafa. Nusu kwa nusu. Nusu yake inaishi Seoul mwaka wa tisa sasa na haishiki simu.

Nimepiga. Nimeandika. Nimetuma picha za majivu. Tiki mbili, buluu. Ameona, amenyamaza. Mimi niliyeanza na termosi nne za kuuza hapo mlangoni, nikajaza rafu ambazo baba aliziacha tupu, nikamsomesha yeye — leo nakosa neno moja.

Jioni binti yangu Salma akasema: Mama, si umtafute kazini kwake? Kumbe Mustafa anatembeza wageni kwa video, laivu, kwenye mtaa wa majumba ya wafalme. Saa tisa alasiri ya huko, saa tatu asubuhi ya hapa. Unalipa, unakaa kwako, unatembea naye.

Yaani ninunue kiingilio kumwona mtu niliyemfunga nepi!

Nimelipa. Wiki nzima, inatoka nafuu kuliko siku moja moja.

Jumatatu, 10 Novemba

Saa tatu kamili akatokea. Amenenepa. Kiingereza cha kupigwa pasi. Watu mia moja na arobaini wanamsikiliza, nimeona namba pale pembeni.

Sikutaka kupenda. Nilikuwa nimeegemeza simu kwenye sufuria, nimekunja mikono. Lakini lile lango! Linaitwa Gwanghwamun, jina liliandikwa kwenye skrini. Milango mitatu ya mawe, wa katikati ni wa mfalme peke yake. Juu yake nyumba ya mbao, paa juu ya paa, pembe zimepinda kwenda juu, na chini ya paa kumepakwa kijani na nyekundu hadi mahali ambapo hakuna mtu angeona. Nani alilipia rangi ya mahali hapaonekani? Na nyuma kabisa, mlima. Mji mkubwa vile na mlima uko mlangoni.

Mbele ya lango kuna wanyama wawili wa mawe. Si simba, si mbwa. Mustafa anasema wanalinda jumba lisishike moto. Nikacheka peke yangu. Mwihaki akauliza ni nini. Nikamwambia.

"Muulize Mustafa, mnyama huyo anakula nyasi ama chapati," akasema. "Tumlete."

Ndani, karibu na ukumbi wa mfalme, kuna chungu kikubwa cha chuma kina maji. Ati shetani wa moto akija, anaona sura yake kwenye maji, anaogopa, anakimbia. Mama mmoja aliyekuwa akinipigania bei ya sufuria aliacha bei, akaangalia na sisi. Akasema bwana yake pia angekimbia.

Mwisho wageni wanaandika maswali. Na sheria ya kampuni ni hii: kiongozi asome kila swali kwa sauti, kwa mpangilio, na jina la mwenye kuuliza, hata likiwa la kijinga. Haruki. Nikaandika: Hicho chungu kinaingia lita ngapi? Z., Kenya.

Akasoma. "Z., kutoka Kenya…" Akasimama. Akasema lita hajui, atauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

Amenijua. Nani mwingine duniani angetaka lita?

Jumanne, 11 Novemba

Jumanne jumba hufungwa. Sikujua. Wafalme wenyewe hawako na bado wanapewa ofu!

Kwa hiyo akawapeleka wageni mlimani, Bukchon, vichochoro vya nyumba za zamani. Watu bado wanaishi mle, kwa hiyo ananong'ona. Mustafa akinong'ona! Huyu aliyekuwa akiitisha chai kutoka barabarani.

Leo nimejifunza kitu. Nguzo zao hazichimbiwi shimo. Zinakaa juu ya jiwe, na jiwe halilainishwi. Fundi anachonga kitako cha nguzo mpaka kifuate kila nundu ya lile jiwe. Kama kiatu na mguu. Nilirudisha video mara tatu, kisha nikamwita Simeon.

"Mama Salma, hiyo ni ya kwao," akasema. "Hapa mchwa atapanda hilo jiwe akiimba."

Nikamwambia mutarakwa ya baba haikuguswa na mchwa, iliguswa na moto.

"Basi ni mchwa wa Eldoret wamekuogopa."

Lakini hakuondoka. Alitazama tena, ameinama mpaka kofia ikaanguka. Kisha akatoa tepu, akaingia kwenye majivu, akapima pale nguzo za mbele zilipokuwa. Futi tisa, futi tisa, futi nane na nusu. Sijawahi kujua ile ya mwisho ni fupi! Miaka yote nimefagia hapo. Baba alikosea, ama jiwe lilimkatalia. Simeon akasema kule Kiplombe kuna mtu wa mawe anayemjua.

Swali langu la leo: nguzo ikioza chini? Mustafa akajibu vizuri, bila kusita — wanakata ile sehemu mbovu, wanaunga kipande kipya, nguzo inabaki pale pale. Kuhusu lita, bado anauliza. Ndiye yeye. Kila kitu bado anauliza.

Jumatano, 12 Novemba

Nina hasira na nataka niandike kabla haijapoa.

Leo alirudi langoni akaeleza historia yake. Wajapani walipotawala walilihamisha, likakaa mahali si pake. Vita vikaja, mbao zikaungua. Likajengwa upya kwa zege. Likakaa hivyo karibu miaka arobaini, kisha wakabomoa zege wakalijenga tena kwa mbao, mahali pake pa kwanza. Lilimalizika 2010. Elfu mbili na kumi! Mimi nilikuwa tayari na duka. Lango lao ni changa kuliko friji yangu.

Mgeni mmoja akauliza hapo hapo: kwa hiyo ni feki?

Mustafa alitembea kidogo. Halafu akawaambia kwamba baba yake alikuwa na duka katika mji mmoja mbali sana. Mbele kulikuwa na nguzo, na ile ya kulia ilikuwa imeng'aa kwa sababu ya migongo ya watu walioegemea wakingoja chai. Ati mwezi huu limeungua. Ati dada yake anataka kulijenga, na yeye hajui akiliona jipya atafurahi, ama ataona kitu kigeni kimevaa nguo za baba yake.

Aliwaambia watu mia moja na arobaini. Mimi, tiki!

Mwihaki alikuwa amesimama nyuma yangu na kipande cha kitambaa begani. "Kumbe ana roho," akasema polepole.

Nikamwambia roho haiezeki paa.

Lakini ile nguzo. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua ilikuwa inang'aa. Baba alikuwa akiegemea pale saa kumi, na Mustafa, mdogo, akiegemea mguu wa baba. Huo mguu ndio ulikuwa nguzo yake. Sikuwahi kufikiria hivyo.

Leo sikuuliza swali. Nilishika simu tu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Bando iliisha tukiwa kwenye ua wa malkia, nikabaki na picha ya bomba la moshi lenye maua.

Johnstone alikuja na viatu vizuri, akatembea kwenye plot kama imeshakuwa yake. "Mama, uza, upumzike presha." Nikamwambia sina presha. Akacheka. Ni mtu mzuri, hilo ndilo baya.

Simeon ameleta jiwe moja. Moja tu. Ameliweka mahali pa nguzo ya kulia, akaenda zake.

Ijumaa, 14 Novemba

Saa nne na dakika kumi. Naandika huku naangalia, kalamu mkono huu, simu imeegemea sufuria.

Nimeandika swali langu kwa Kiswahili. Makusudi. Mbele yangu kulikuwa na mtu wa tiketi, mtu wa hali ya hewa, mtu wa choo. Akafika kwangu. Hana njia ya kuruka.

Akasoma: "Zeinab Abdirahman, Eldoret. Mustafa, tunajenga ama tunauza? Mimi nataka kujenga."

Halafu, chini chini: "Abaayo…" Miezi mingapi sijaitwa dada na huyu mtu!

Wageni wakaanza kuandika. Wanataka tafsiri. Akatafsiri, ikabidi. Akasema atanijibu baadaye, nyumbani, kwa simu. Wakaandika tena: mjibu sasa. Mama mmoja ameandika kwa herufi kubwa. Mwihaki anapiga makofi kama ako uwanjani. Mimi namwambia anyamaze, nasikiliza.

Ziara iliisha saa nne. Hakuna aliyetoka. Walikuwa mia moja na arobaini, sasa ni mia moja sitini na tatu.

Yeye anatembea. Kamera imeangalia chini: viatu vyake, majani ya manjano, mawe ya barabara. Anapumua. Anasema kwa Kiingereza kwamba ukuta huu wa jumba ni mrefu. Anawaambia wao ama mimi? Akianza tu hadithi nyingine ya ukuta nitapiga kelele hapa veranda.

Simeon amekuja na vijana wawili na koleo. Wameketi kwenye lile jiwe kwa zamu. Johnstone amepiga simu, yuko Kapsoya, anamaliza huko aje.

Namwandikia tena, sasa hivi, na ninaandika hapa pia nisije nikalainika katikati:

Mustafa. Simama. Inua hiyo kamera nikuone uso. Usiniambie habari ya nguo za baba, nilimzika nikiwa nazo mkononi. Ukitaka kuuza, sema, nitakusikia. Ukitaka nijenge, sema, kuna watu wamekalia jiwe. Neno moja, kwa mdomo wako, kabla ya saa nane ya hapa. Tunajenga ama tunauza?