Mlango Unaotazama Kwenu

Scituate, Rhode Island
Juni 1790

Dada Hopestill,

Huku hatujambo. Ng'ombe mwekundu amezaa, na mahindi yameshika vizuri.

Juzi kengele zililia: Rhode Island nayo imeikubali katiba ya Marekani, kwa hiyo sisi na ninyi wa Massachusetts ni nchi moja. Nikamwambia mume wangu, "Amos, mwanyumba wako, mume wa Hopestill, hatatuita wageni tena."

Akanijibu, "Mimi siku ya kura ya katiba nilisema hapana kwa sauti, mji mzima ukisikia. Waliokubali ni wao." Akaendelea kula. Mtu na kiburi chake.

Tangu kura ile hamjakanyaga hapa, nami nasokota sufu peke yangu. Mlango unaotazama kwenu siutii komeo siku hizi. Amos ameona. Hajaufunga.

Mdogo wako anayekungoja,
Zerviah