Bingwa wa Mtoano

Mdogo wangu bingwa,

Picha yako na mkanda wa ubingwa imefika. Mama ameitundika sebuleni, juu ya redio. Mimi naipa mgongo. Paa tumeliziba, na shangazi ameng'oa lile jino.

Unaniandikia eti, "Kaka, mtoano hauna ndugu." Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa! Mieleka yetu ni ya kupanga. Ilishapangwa kwamba nusu fainali ile utashinda wewe, nami nilikubali kuanguka. Nilikuachia mwili wangu uuinue, kama nilivyokufundisha mwenyewe juu ya godoro la mama. Na si nilikufundisha pia kwamba mwenzako akikubinya mkono mara mbili ameumia, umshushe taratibu?

Nilikubinya mara mbili. Nikakubinya tena. Ukawatazama watu wanavyokushangilia, ukanibwaga nikafikia shingo.

Halafu unauliza kwa nini sikuandikii! Hata hii anaiandika shemeji yako, mimi natamka tu. Mkono ule niliokubinya nao haushiki kalamu.

Ni mimi,
kaka yako.