Ule Unga wa Mkaa Usiuguse

Uyole, Mbeya
16 Juni 2025

Mpendwa dada Faustina,

Kamwene, dada. Mguu umeamkaje? Na shemeji Kalinga, kifua kimetulia na hii baridi ya Kihesa? Sisi huku tunapumua, ila maji ya bomba asubuhi yanang'ata vidole. Mimi mzima, na uzuri unazidi tu. Ukimuuliza mke wangu Pendo atabisha kwa wivu.

Jana kwenye simu nilikuomba usiweke kwenye kidonda ule unga wa mkaa niliokutumia. Ukacheka. "Wewe Joachim, juzi uliapa kwa kaburi la baba, leo unaruka? Andika, nikusome." Haya, naandika. Nampa Sifaeli, kondakta wa basi, akufikishie leo hii hii, maana umesema unaanza kuupaka kesho.

Nilikokosea ni hapa. Mpangaji wangu Lugano anasoma chuo hapa Mbeya, anachunguza kaboni inayoua vijidudu. Kusikia hivyo, mimi niliyefika Lusaka na Ndola nikaona nimeshamaliza: mkaa si kaboni? Na majivu si tunachanganya na maharage wadudu wasitoboe? Nikatwanga mkaa, nikauchekecha kwa kanga ya Pendo (kesi hiyo bado inaendelea), nikakutumia kopo zima.

Nilipomsimulia Lugano, akaacha kula. "Mzee, huo ni mkaa wa kuchomea mahindi!"

Nikamwambia tushindanishe. Akanipeleka maabara, nikavishwa koti jeupe, ungeniona ungeniamkia. Akakoroga vijidudu kwenye maji, chupa tatu: moja hakutia kitu, ya pili akatia kaboni yake, ya tatu unga wangu. Baada ya saa kadhaa akadondosha tone la kila chupa kwenye kisahani chake chenye chakula cha vijidudu, akavifungia visahani kwenye joto. Tukarudi kesho yake.

Dada, niliinama nikavitazama kimoja kimoja. Kisahani cha chupa isiyotiwa kitu kilijaa madoa ya vijidudu vilivyozaana, hakuna pa kuweka sindano. Cha kaboni yake, madoa matatu. Nimehesabu mara mbili. Cha kwangu kilijaa kama kile cha kwanza, na juu yake kumeota manyoya ya kijani!

"Hayo umekuja nayo wewe, mzee," Lugano akasema. Kumbe mkaa wangu ulipakia abiria tangu kwenye gunia.

Nilimuuliza maswali mpaka akaomba maji. Kaboni yake imetengenezwa bapa, nyembamba ajabu: chukua unene wa unywele wako, ugawe mara elfu themanini. Kijidudu kikiigusa, ngozi yake inachanika, vya ndani vinavuja. Sasa kwa nini nisikutumie hiyo? Akasema hata wao bado hawajui kama haitachana nyama ya mtu pia. Kijana anajua yote hayo, halafu anasema "sijui" bila aibu! Mimi neno hilo sijawahi kulijaribu, lakini nimelipenda.

Sasa nisikilize bila utani. Wewe una kisukari, na mguu huo hausikii maumivu sawasawa. Kidonda kingeoza chini ya weusi ule, nawe unapika tu, huoni kitu. Ulikuwa umechoka foleni ya kusafishwa kidonda, na mimi nikakupa sababu ya kutokwenda. Hilo ndilo linaninyima raha. Kopo lifukie. Kama umeshaonja kupaka hata kidogo, usifiche, mwambie nesi.

Alhamisi ndiyo siku yako ya hospitali. Nakuja Jumatano, twende wote, foleni nitaipanga mimi. Unicheke njia nzima ukitaka, mradi unacheka ukitembea kwa miguu yako yote miwili.

Nisalimie shemeji, Mika na bibi Paskalina. Pendo anakusalimu sana. Mungu akutazame pale tusipoona sisi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyojisifu,

Joachim