Saa Tatu Asubuhi ya Baba

Baba,

Nimempata. Najua ungeniambia, "Mwachie Mungu, mama," kama ulivyosema siku aliyokurudishia daftari. Safari hii sikumwachia.

Namsema yule meneja wa uwanja mdogo wa ndege kule Kanada, ulikofagia ukumbi wa abiria kwa miaka tisa kabla hujaja kukaa nasi hapa Wheaton, nje kidogo ya Washington. Ulimwazima daftari lako ukidhani atalichapisha. Akakaa nalo mwaka mzima, kisha akakwambia halina maana. Ulilitia chini ya mto na hukulifungua tena. Nilikuona, Baba. Nilikuwa nakubadilishia shuka nikaliona pale pale, hadi mwezi ule ulipotutoka.

Baada ya msiba, yule mama muuza kahawa wa pale uwanjani alinitumia kadi ya pole pamoja na kitabu kipya cha historia ya uwanja. Jalada zuri, jina la meneja kwa herufi kubwa. Nikafungua. Lile shamba la majani makavu lililogeuzwa uwanja wa kufundishia marubani wa vita. Kile kibanda cha mabati ambamo abiria walipimiwa mizigo kwa mizani ya viazi. Ndege za kufuata wagonjwa katika vijiji vilivyofungwa na theluji. Yote uliyoyakusanya kwa wazee wa mji ule huku umeegemea ufagio, neno kwa neno. Niliinuka kwa hasira, chai ikanimwagikia.

Aliyemkamata ni mjukuu wako Neema, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa kuchanganya Kiingereza. Alisoma ukurasa wa ndege ya kwanza ya abiria: imetua saa tatu asubuhi, watoto wa shule wamejipanga na bendera, wanaimba. Kwa Kiingereza cha kitabu hiyo ni usiku wa manane. Na kurasa tatu mbele kitabu hicho hicho kinasema taa za uwanja ziliwekwa miaka mingi baadaye! Neema akacheka. "Mum, hii ni time ya Babu."

Saa yako ya mkononi, Baba. Wenzako walikucheka kwamba mishale yake imepotea njia, na wewe ukagoma kuibadilisha. Ulikuwa unaandika Kiingereza huku unahesabu kutoka jua linapochomoza, kama kwetu Singida. Na yule mwizi alinakili bila hata kujiuliza.

Kadi ilikuwa imetaja kwamba anakuja Washington, kwenye mkutano wa mameneja wa viwanja vidogo, kukisoma kitabu "chake" mbele ya watu. Niliomba ruhusa kazini, nikavaa koti lako la kijivu, mimi na Neema tukapanda treni hadi mjini. Alisoma vizuri, siwezi kumnyima hilo. Muda wa maswali ulipofika nikasimama. Nikamuuliza ni mzazi gani wa mji ule aliyemtoa mtoto wake kitandani saa hiyo, gizani, aende kuimbia ndege, na rubani alionaje njia.

Akasema ni kosa la mpiga chapa.

Nikatoa daftari. Nikasoma mstari ule ule kwa mwandiko wako, nikawaeleza kwamba saa tatu ya baba yangu ndiyo saa tisa yao ya asubuhi. Mmoja akacheka, wakafuata wengine. Shingo ya meneja ikawa nyekundu. Nilifurahi, Baba. Usinione mbaya, nilifurahi sana.

Alinifuata nje kwenye ngazi. Alitaka kukutaja ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani. Nikamwambia aliyeandika hashukuriwi nyuma ya kitabu cha kwake mwenyewe. Kesho yake nilituma kurasa za daftari kwa faksi kwenye gazeti la mji wao. Wamezichapa zote, na picha yako ukiwa na ufagio.

Juzi baraza la mji limeniandikia. Kitabu kimeondolewa kwenye ukumbi wa abiria. Kinachapwa upya, na jina juu ya jalada ni lako peke yako. Meneja ameomba anwani ya kaburi lako aje kuomba radhi. Sijampa, na sitampa. Ulipokuwa hai alijua ulipo.

Waliniuliza pia kama wasahihishe ile saa. Nimewajibu iachwe vile vile. Kila atakayeisoma atashangaa, na kila atakayeuliza ataambiwa nani aliiba.

Pumzika sasa, Baba. Kitabu kikifika nitakuletea kaburini, nikusomee jalada kwa sauti. Saa yako naivaa mimi. Nakuahidi mishale yake sitaigusa.

Mwanao,
Tabu