Rafiki Yangu Ameweka Penseli Chini

Mama Lakica mpendwa, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana jambo lenyewe lilianza kama mchezo wa wazee na sasa mtu anataka kuacha kazi kwa sababu yangu, na yeye mwenyewe hajui kwamba ni kwa sababu yangu.

Mimi ni polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, nimetumikia miaka thelathini na moja, mingi katika upelelezi, na sasa nimepanga Bukoto, hapa Kampala, na ghorofa ya chini yangu anaishi Mkongo ambaye nitamwita Ambroise, alikuja kutoka Bukavu akiwa mwalimu wa Kifaransa asiyejua Kiingereza, nami ndiye niliyemwonyesha fumbo la maneno la gazeti la Kiingereza, ile miraba myeupe na myeusi, unasoma kidokezo, unahesabu herufi, unajaza. Miaka tisa tumelijaza kila Jumamosi kwenye benchi mbele ya saluni ya mke wake, Perpétue, na sheria yetu ni moja: anayelijua jibu anakaa kimya, anamngoja mwenzake afikirie mpaka aweke penseli chini mwenyewe, ndipo analisema.

Mwanzoni aliyeweka penseli chini alikuwa yeye, nami nikawa mwalimu, na nisikufiche, nilipenda, kwa sababu ukishastaafu hakuna anayekupigia saluti. Lakini mwaka juzi mambo yaligeuka, Ambroise akaanza kunishinda kwa Kiingereza kilekile nilichomfundisha, vazi la Waroma wa kale herufi nne, mto wa Urusi herufi mbili, yeye anaandika polepole na mimi nimekodoa macho tu, na siku moja Perpétue akatania, "Afande, leo mwanafunzi anafundisha mwalimu," wateja wakacheka, nami nikacheka nao, lakini liliniuma.

Binti yangu Anena alikuwa ameninunulia simu kubwa, akanionyesha kwamba ukiandika kidokezo mle ndani, majibu yanakuja yamepangwa kwa idadi ya herufi. Basi nikawa nanunua gazeti asubuhi mapema, natafuta kila kidokezo kigumu, nayakariri majibu, halafu nashuka na gazeti safi kana kwamba silijui, na kwa kuwa nimehoji wezi maisha yangu yote na najua anayejibu haraka anadanganya, nikawa najikuna kichwa kwanza, nafumba macho, naguna, ndipo nanyamaza kumngoja yeye. Mama Lakica, alikuwa akifikiri mpaka mshipa wa paji la uso unasimama, halafu anaweka penseli chini, Jumamosi hadi Jumamosi, kwa miezi saba.

Nilidhani anashindwa tu kama mtu yeyote anavyoshindwa mchezo, kumbe mwenzangu alikuwa akijipima. Ambroise ni mkalimani kwenye kliniki moja, ndiye anayewasemea wakimbizi wenzake kwa daktari, na baba yake alipotewa na kumbukumbu akiwa na umri kama huu wake. Majuzi aliniambia, "Kichwa yangu iko inaniacha, afande. Neno moja ya herufi saba inanishinda, sasa maneno ya mugonjwa nitaibeba namna gani? Nikikosea, mutu anakufa." Perpétue naye ananiambia, "Anaikala tu pa kiti. Gazeti hagusi tena."

Jumamosi iliyopita alikuja bila penseli. Alileta barua ya kuacha kazi, ameiandika kwa Kiingereza, akaniomba niikague makosa kabla hajaipeleka Jumatatu ijayo, kwa kuwa yeye hajiamini tena. Nimeisoma mara nne, haina kosa hata moja, na bado iko kwangu.

Jumapili nilikwenda kanisani Lubaga kuungama, nikapanga foleni, nikatoka kabla zamu yangu haijafika. Nimefikiria kumwambia ulikuwa utani, nimefikiria pia kujifanya sijui majibu Jumamosi hii ili anishinde na moyo umrudie bila mimi kusema lolote. Nikisema ukweli nitampoteza, na sina rafiki mwingine. Nisaidie, mama.

Afande mstaafu, Bukoto

MAMA LAKICA ANAJIBU

Afande, nimekusoma mpaka mwisho na sikucheka. Mwanzoni nilitaka, nilipoona unavyojikuna kichwa kwa uongo, lakini nilipofika kwenye ule mshipa wa paji la uso hamu iliniisha.

Hukuwa unatafuta majibu ya fumbo. Ulikuwa unatafuta cheo chako. Nakuelewa, na pole, kustaafu ni kugumu kwa mtu aliyezoea kupigiwa saluti. Ila mwanafunzi wako alikuwa amekupa heshima kubwa kuliko saluti, alikuwa amejifunza. Mwalimu mwingine angetembea Bukoto nzima akijisifu. Wewe ulikwenda kujificha na simu.

Sasa nisikilize. Usiseme ulikuwa utani, kwa sababu utani watu wawili wanaucheka. Na usithubutu kumwachia ashinde. Huo ni uongo wa pili juu ya wa kwanza, na yeye si mjinga, atahisi unamhurumia na atazidi kuamini kwamba amekwisha. Mtu huyu amepima akili yake kwa mizani uliyoichezea wewe. Dawa yake ni moja, aambiwe kwamba mizani ilikuwa mbovu.

Gazeti hili linatoka Ijumaa, na hata kama yeye haligusi, wateja wa saluni watamtambua hata ungemwita Petero. Nimeagiza jibu hili likufikie kwa simu Jumatano. Shuka siku hiyohiyo, kabla hajasikia kwa wengine. Perpétue awepo, kwa kuwa naye amelala na hofu hii nyumbani kwake. Chukua simu, wafungulie waone aibu yako ikiwa wazi, waonyeshe kidokezo kimoja na jinsi jibu linavyokuja. Sema miezi saba, usipunguze hata mmoja. Ulikuwa unaandika maelezo ya watuhumiwa, unajua yanavyotakiwa kuwa.

Huenda akanyamaza. Huenda akakufukuza, na ana haki. Usijitetee wala usimharakishe, mngoje kama sheria yenu inavyosema. Na kama baadaye bado ana wasiwasi kwa ajili ya baba yake, aende kwa daktari ampime, maana hiyo si kazi ya gazeti wala yako. Jumamosi nenda kwenye benchi bila simu, hata kama utakaa peke yako. Akija, lijaze fumbo kwa kichwa chako cha kweli, na unaposhindwa, weka penseli chini mbele ya wateja wote. Wacha wacheke.

Unaogopa kumpoteza. Afande, rafiki wa benchi ile ulishaacha kuwa naye tangu siku uliyoanza kushuka na majibu mfukoni. Ukisema ukweli una nafasi ya kumpata tena.

Na kama hujui pa kuanzia, mrudishie kwanza barua yake. Alikuomba umtafutie makosa, naye ana haki ya kupewa jibu. Mwambie umeisoma mara nne na haina kosa hata moja, kisha mwambie kosa lilikuwa wapi.