Kwa Baba Yetu Obadiah Pruett, Mhubiri Aliyetengwa na Kanisa Lake

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu homa ya mapafu ikukatishe pumzi kwenye kitanda ulichokichonga mwenyewe, tarehe kumi na moja Machi, hapa Elm Lick, Kentucky. Tulitaka kukuandikia maneno matamu. Tumejaribu. Kila tukianza, kinyaa kinatupanda kooni. Utatusamehe, utapokea yaliyopo.

Mwenye gazeti la mjini alisoma nusu ya ukurasa akaurudisha kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya mfu. "Binti, andika tu kwamba alimpenda Mungu na watu. Inatosha." Basi mimi, Tabitha wako, nimeinakili kumbukumbu hii kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye mlango wa kinu. Kila mwenye mahindi ya kusaga lazima asimame pale kungoja zamu yake. Wasome.

Ulimpenda Mungu na watu, ndiyo. Siku sita ulikuwa mtu wa plau, ya saba mtu wa mimbari, na viganja vyako vilinuka tumbaku mbichi hata ulipokuwa ukibatiza. Januari ulipasua barafu ya mto kwa shoka, ukawazamisha watu mmoja mmoja, ukatoka majini midomo imekuwa rangi ya zambarau, unacheka. Ulivua viatu kabla ya kuomba, hata kwenye theluji. Uliponda mkate wa mahindi ndani ya maziwa ya mgando ukala kwa kijiko cha mbao, ukasema hakuna mfalme aliyekula hivyo. Farasi wako jike ulimwita Dada Martha, kwa sababu alilalamikia kila kazi.

Kusoma ulifundishwa na Mama ukiwa tayari mhubiri, umri miaka ishirini na sita. Ukipotea katikati ya mahubiri ulimgeukia mbele ya watu wote: "Keziah, nilikuwa wapi?"

"Tumboni mwa samaki, Obadiah, pamoja na Yona. Mtoe basi, watu wana njaa."

Kule Virginia, ulipokuwa kijana, walikufunga kwa kuhubiri bila kibali. Ukahubiri kupitia dirisha la gereza, na waliokuja kukusikiliza wakatandikwa mijeledi. Hiyo habari Elm Lick wanapenda kuisimulia. Wabaya wake ni watu wengine, wa mbali, wa zamani. Haimchomi yeyote.

Nyingine hawaisimulii. Tunaisimulia sisi, na tunaanza na wewe mwenyewe, maana ulitulea tuseme kweli.

Kwa miaka kumi na moja uliwafungisha ndoa watumwa wa mashamba ya hapa kwa maneno waliyoyataka mabwana zao: "mpaka kifo, au umbali, uwatenganishe." Siku moja Mama alikuuliza, "Huyu Umbali ni nani, Obadiah? Mbinguni ana cheo gani?"

"Nikikataa neno hilo, Keziah, hawataniruhusu kuwafungisha kabisa. Bora wapate nusu."

"Nusu ya nini?"

Ulikula ukalala, na sisi tukala tukalala. Kinyaa chetu hakiwaendei majirani peke yao.

Miongoni mwa uliowafungisha kwa neno hilo walikuwa Isham na Rhoda wa shamba la shemasi Hosea Cutright. Isham alikuwa akichana katani, Rhoda akipika jikoni. Wote wawili uliwabatiza siku moja. Walikaa miaka minne katika chumba kimoja nyuma ya zizi, na Isham alimjengea mkewe rafu ya kuwekea vikombe ambavyo hawakuwa navyo. Aprili, mwaka wa juzi, shemasi akamuuza Isham kwa mchuuzi wa watu aliyekuwa akielekea Natchez, soko la watumwa la mbali kusini. Walipita hapa mbele ya uzio wetu Jumanne asubuhi, wanaume kumi na wawili kwenye mnyororo mmoja. Isham alikuvulia kofia. Nawe, Baba, ulikuwa umeshika ndoo ya maji, ukamwinamishia kichwa kama mnakutana njiani kwenda sokoni.

Jumapili yake, baada ya ibada, Rhoda akaja. Alikataa kuketi.

"Mchungaji, nina swali la dini."

"Uliza, dada Rhoda."

"Natchez ni umbali?"

Ukamsogezea kiti mara ya pili.

"Bwana Cutright anasema ni umbali. Anasema ulinifungua tangu siku ya harusi, kwa hiyo nihamie kwa mwendesha mkokoteni wake kabla mwezi haujaisha, na si uzinzi. Nataka kusikia kwa kinywa chako. Umenifungua?"

"Hapana."

"Basi mbona ulilisema?"

Ulizunguka nyuma ya kibanda cha kukaushia nyama, tukakusikia ukitapika, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu kukiwa hakuna cha kutoka. Rhoda alisubiri. Uliporudi, ndevu zimelowa, akakuambia bila kupandisha sauti:

"Sijaja kukutapisha, mchungaji. Nimekuja kujua kama nina mume."

"Unaye."

"Basi kamwambie bwana."

Ulikwenda. Shemasi Cutright alikupa kiti kizuri na pombe ya mahindi, akakupiga bega. "Ndugu Pruett, wewe chunga roho zao, mengine niachie mimi. Tusivunje urafiki kwa sababu ya mpishi." Aliyemwokoa Rhoda safari hiyo hakuwa wewe wala kanisa. Ni yule mwendesha mkokoteni, aliyesema mbele ya shamba zima kwamba yeye halali na mke wa Isham, akalipa neno hilo kwa ngozi ya mgongo wake.

Jumapili ya kwanza ya Juni ilikuwa Meza ya Bwana. Ulipita na kikombe benchi hadi benchi, ukafika kwa shemasi, akanyoosha mikono. Ukakirudisha kikombe kifuani kwako.

"Ndugu Hosea, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kukupa. Umetenganisha watu wawili kwa faida yako, na neno la kuwatenganishia nilikupa mimi." Kisha ukageukia watu. "Mara kumi na tisa nimesimama mbele za Mungu nikasema uongo, nikauita ndoa. Leo na mimi sinywi."

Ukakiweka kikombe mezani, ukaenda ukakaa benchi la nyuma kabisa, kati ya Rhoda na mzee mmoja kiziwi aliyekuwa akiuliza kwa sauti, "Amesema nini? Amesema nini?"

Baba, kama kinyaa kingekuwa na uzito, kikao cha kanisa cha Jumamosi iliyofuata kingeivunja sakafu. Kabla ya shauri lako walimtenga dada Orpah Biggs kwa kuonekana akicheza ngoma ya fidla kwenye harusi ya mpwa wake. Alilia, wakamwonea huruma, wakamtenga. Kisha wakaja kwako. Kurusha miguu kwa furaha, dhambi. Kumuuza ndugu uliyebatizwa naye mto mmoja, hayo ni mambo ya serikali, kanisa lisiingilie. Karani aliandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri.

"Ndugu Pruett," akasema shemasi, machozi yakimlengalenga, maana machozi yake yako karibu siku zote, "nani alinifungisha ndoa? Wewe. Nani aliwazika watoto wangu wawili? Wewe. Sema tu kwamba ulichoka siku ile, tusahau."

"Nilichoka, Hosea. Miaka kumi na moja nilikuwa nimechoka. Siku ile ndiyo niliamka."

"Sikieni kiburi hicho!" mmoja akapaza sauti.

Kura ikapigwa kwa mikono. Thelathini na mmoja waliinua ili utengwe, na mkono wa Ezra, mwanao wa kwanza, mkwe wa shemasi, ulikuwa kati yao, umeinuliwa nusu, kama wa mtu anayejikinga jua. Waliokataa ni Mama, dada yangu Dorcas na mimi. Ndipo mabenchi ya nyuma, ya watu weusi, yakainua yote, mkono kwa mkono.

"Mikono ya nyuma ishushwe," karani akasema. "Haihesabiwi."

Ikashuka. Wa Rhoda haukushuka. Alikaa nao juu mpaka watu wakatoka nje na kufungua farasi zao, na shemasi akajifanya anatafuta kofia.

Mtu mwingine angehamia ng'ambo ya mto Ohio, kusiko na watumwa. Mama alikwisha kufungasha sufuria zetu. Lakini wewe ulikaa mezani ukaandika ndoa kumi na tisa kwenye karatasi, kwa herufi zako kubwa zilizolala, ukasema utazirudia zote upya bila lile neno. Jozi tatu zilikwisha kuvunjwa na wote wawili kupelekwa kusikojulikana. Uliandika majina yao hata hivyo.

Ulianza na Rhoda. Ulimkuta kwenye chemchemi, anachota maji.

"Isham hayupo," ulimwambia.

"Mungu anajua alipo. Sema."

Ulivua viatu, ukasema, mpaka kifo kiwatenganishe, ukaishia hapo. Rhoda alibaki akikutazama kana kwamba anangoja uongeze kitu. Hukuongeza. Akajitwisha ndoo, akaenda.

Wengine uliwafungisha shambani, wao na majembe mkononi, wewe upande wa pili wa uzio. Wengine mlangoni pa ghala wakati bwana yuko mjini. Walikuachia mbwa mara mbili. Mwanamume uliyembatiza kwa mikono yako akakutemea mate kwenye ndevu, na ulipofika nyumbani Mama alikuosha bila kuuliza ni nani, maana ulishasema hutataja. Zilitimia ndoa kumi na tatu.

Februari ulitaka kuvuka mto wa hapa kwenda kwa jozi moja iliyohamishiwa upande wa pili. Maji yalikuwa yamejaa, vipande vya barafu vinagongana. Mwenye kivuko, muumini wa Elm Lick, alisema chombo chake hakibebi waliotengwa. Akasimama gatini akikutazama unaingia mtoni na Dada Martha. Ulifika. Ukawafungisha ukiwa unatiririka maji, yule bibi harusi akakufunika blanketi lake la pekee, ndoa ya kumi na nne. Ulirudi unakohoa. Wiki tatu baadaye ulikuwa umemshika Mama kidole gumba, unarudia, "Bado jozi mbili, Keziah. Bado mbili."

Kwenye maziko shemasi Cutright alileta paja la nguruwe lililokaushwa vizuri, akalia kuliko sisi, akaomba kusema machache. Mama hakumruhusu. Paja alilipokea, akawapelekea watu waliomfuga yule nguruwe, waliokuwa wamesimama mbali karibu na miti.

Sasa sikia la wiki iliyopita. Walikuja wanaume watatu: shemasi, karani na Ezra wetu. Wanajenga nyumba ya ibada ya matofali mahali pa ile ya magogo, na wanataka jina lako lichongwe kwenye jiwe la juu ya mlango, "Mwanzilishi Wetu." Wameona pia vyema kukurudisha katika ushirika. Karatasi walikuwa nayo tayari. Inahitaji tu sahihi ya Mama, kwamba mwaka wako wa mwisho ulikuwa mgonjwa wa akili.

Mama alikuwa akisukasuka maziwa. Hakuacha kusukasuka. Aliisoma yote, neno kwa neno.

"Mmekosea mwaka," akasema.

"Vipi, dada Keziah?" karani akauliza, akitafuta kalamu.

"Alikuwa mgonjwa miaka kumi na moja, alipokuwa akisema lile neno lenu. Mlimpenda sana wakati huo. Mlimletea asali. Mwaka wa mwisho alikuwa amepona."

"Mama," Ezra akasema, "ni jina la Baba. Wanangu watalisoma wakiingia ibadani."

"Waje walisome kaburini. Huko halina mtu anayepita chini yake na mnyororo."

Shemasi akaanza kulia. Mama akamtazama kama tunavyotazama maziwa yaliyoingia nzi, akamrudishia karatasi, akaomba wasikanyage vifaranga wakitoka.

Na jana, Baba, tulipoamka Mama hakuwepo. Alikuwa ameondoka kwa miguu na ile karatasi yako ya majina. Alirudi saa ya chakula cha mchana, matope mpaka magotini, akavua viatu, akaketi, akasema, "Nimezimaliza zile jozi mbili."

"Umezimaliza vipi, Mama?" Dorcas akauliza. "Mhubiri nani?"

"Mimi. Nilimfundisha kuyasoma maneno hayo. Nitashindwa kuyasema?"

Kama Elm Lick wanaona ndoa hizo mbili si halali kwa kuwa mwanamke amezifungisha, waitishe kikao. Tutakuja. Tutakaa mabenchi ya nyuma.

Wanaokukumbuka ni mkeo Keziah. Binti zako Tabitha na Dorcas. Rhoda, mke wa Isham. Na wenza wa ndoa nyingine kumi na tano, ambao majina yao hatuyabandiki mlangoni kwa sababu wanazozijua wanaosoma hapa. Ezra ameomba jina lake lisiwekwe na wanaokukumbuka. Hatukuliweka.

Hututoki moyoni, Baba, maadamu tunapumua.